Kusoma Sifa za Vitu katika Programu za Uigaji wa Mifumo ya Udhibiti: Mtambo wa Maji na Suala la Istilahi

1. Utangulizi

Mwanafunzi anayefungua kielelezo cha mfumo wa udhibiti katika kompyuta hukuta visanduku vilivyounganishwa kwa mishale. Kisanduku kimoja husimama badala ya turbini, kingine badala ya kidhibiti mwendo, kingine badala ya mzigo wa mji. Kwa macho, mchoro huo unaeleweka. Lakini visanduku hivyo ni maganda tu. Ndani ya kila kimoja mna maelezo ambayo ndiyo yanayoamua tabia ya mfumo: namba, majina, vipimo vya muda, masharti ya mwanzo. Maelezo hayo huitwa sifa za kitu, na kazi ya kuyatoa nje ili yaonekane huitwa kusoma sifa.

Kazi hiyo huonekana nyepesi. Mtumiaji huandika jina la kitu, hutaja sifa anayoitaka, na mashine humjibu. Hata hivyo, makosa mengi katika uigaji huzaliwa hapo hapo, kwa sababu mashine hujibu swali lililoulizwa wala si swali lililokusudiwa. Makala hii ina madhumuni mawili. Kwanza, inaeleza namna sifa zinavyosomwa katika programu mbili zinazotumika sana vyuoni: Scilab pamoja na sehemu yake ya michoro, Xcos, na MATLAB pamoja na sehemu yake ya michoro, Simulink. Pili, inaonyesha kwamba Kiswahili kina nyenzo za kisarufi za kutenganisha mambo ambayo yakichanganywa huleta makosa hayo, na kwamba nyenzo hizo zinafaa kutumiwa katika ufundishaji.

2. Mji, maporomoko na mfano

Suala hili si geni kwa Kisangani. Mto Tshopo, ambao hutiririka kuingia mto Lindi kabla Lindi haujamwagika katika mto Kongo, una maporomoko upande wa kaskazini wa mji. Hapo ndipo palipojengwa bwawa na kituo cha umeme katika miaka ya 1950, wakati mji ulipokuwa bado ukiitwa Stanleyville. Kituo hicho, ambacho kimo mikononi mwa shirika la SNEL, kilikamilika kuwa na mashini tatu, na nguvu iliyopangwa kwa zote pamoja haifiki megawati 20.

Kwa somo la udhibiti, jambo kubwa kuliko wingi wa megawati ni kwamba umeme wa Kisangani haukuunganishwa na njia kuu zinazotoka Inga. Mtandao mkubwa una mashini nyingi zinazosaidiana: moja ikiyumba, nyingine huibeba. Mtandao wa peke yake hauna msaada huo. Mashini zake zenyewe ndizo zinazopaswa kushika hezi 50, na kila mzigo mkubwa unaowashwa au kuzimwa mjini hufika moja kwa moja kwenye mhimili wa turbini. Kidhibiti mwendo ndicho chombo kinachofungua na kufunga mlango wa maji ili mwendo usipotee. Mtu anayetaka kuelewa kazi yake bila kuhatarisha mashini halisi hana budi kutengeneza kielelezo na kukiiga.

Vitabu vya somo hili vina kielelezo sahili cha turbini ya maji. Ndani yake mna kipimo kimoja tu, yaani muda ambao maji yaliyomo bombani huhitaji ili yapate kasi yake. Muda huo hupatikana kwa kuzidisha urefu wa bomba kwa kasi ya maji, kisha kugawanya kwa kimo cha maporomoko kilichozidishwa kwa mvutano wa dunia. Bomba la mita 100, kasi ya mita 4 kwa sekunde na kimo cha mita 20 hutoa muda wa sekunde 2 hivi. Namba hizo ni za mfano wa darasani, si vipimo vya kituo cha Tshopo. Kwa muda wa sekunde 2, uhusiano kati ya mlango wa maji na nguvu ya turbini huandikwa kama sehemu: juu, penye kiasi, ni 1 - 2s; chini, penye asili, ni 1 + s.

Kielelezo hiki kina ajabu moja. Mlango ukifunguliwa ghafla, nguvu haipandi mara moja, bali kwanza hushuka. Sababu ni kwamba maji yaliyojaa bombani ni mazito na hayawezi kukimbia papo hapo; mlango ukipanuka, msukumo mlangoni hupungua kabla mwendo wa maji haujaongezeka. Katika mfano huu, mlango ukifunguliwa kwa asilimia 10 zaidi kwa ghafla kamili, nguvu ya kielelezo hushuka kwa asilimia 20, hurudi pale ilipoanzia baada ya sekunde 1.1 hivi, kisha hupanda na kutulia asilimia 10 juu ya kiwango cha awali. Mlango halisi haufunguki kwa ghafla namna hiyo, kwa hiyo mshuko halisi huwa mdogo zaidi. Lakini mwelekeo ni ule ule. Msomaji aukumbuke mwelekeo huo, kwa kuwa ndio utakaofichua kosa huko mbele.

3. Mali, sifa na tabia

Masomo ya chuo kikuu mjini Kisangani hufundishwa kwa Kifaransa, na maelezo ya programu hizi husomwa kwa Kifaransa au Kiingereza. Lakini wanafunzi wawili walioketi mbele ya kompyuta moja huelezana kwa Kiswahili au Lingala. Hapo tafsiri hufanyika papo kwa papo, bila kamusi, na neno la kwanza linalokuja mdomoni ndilo linalobaki.

Neno la Kifaransa "propriété" lina maana mbili: kile ambacho mtu anakimiliki, na kile kinachokitambulisha kitu. Kiswahili kimezigawa maana hizo. Ya kwanza ni "mali", ya pili ni "sifa". Anayesema "mali ya kisanduku" hajakosea sauti tu, bali amebadili wazo. Mali huweza kuhamishwa kutoka kwa mwenyewe, naye akabaki yule yule. Sifa haihamishwi hivyo: ukikibadilishia kielelezo kiasi chake na asili yake, hukumnyang'anya mtu kitu, bali umeunda kielelezo kingine. Kwa hiyo "sifa" ndilo neno linalofaa, nalo lina nasaba ya kisarufi inayolitegemeza, kwani wanafunzi wamezoea kusikia habari za "vivumishi vya sifa", yaani maneno yanayotaja jinsi kitu kilivyo.

Neno "tabia" nalo lisichanganywe na "sifa". Sifa imo ndani ya kitu hata mashine ikiwa imezimwa. Tabia huonekana kitu kinapotenda. Kule kushuka kwa nguvu mlango ufunguliwapo ni tabia. Hakuna mahali popote ndani ya kielelezo palipoandikwa kwamba nguvu itashuka. Palipoandikwa ni 1 - 2s juu na 1 + s chini. Tabia hupatikana kwa kuiga; sifa hupatikana kwa kusoma.

4. Kitu na ngeli yake

Kila kitu katika programu hizi kina aina, na aina ndiyo inayoamua sifa ambazo mtu anaweza kuziuliza. Wanaisimu hawataona ugeni hapa. Kifaransa hutumia neno moja, "classe", kwa ngeli ya nomino na kwa aina ya vitu katika kompyuta, na ulinganisho huo una faida. Ngeli ya nomino hujulikana kwa viambishi inavyovidai. Aina ya kitu hujulikana kwa majina ya sifa inayoyakubali.

Katika Scilab, kielelezo cha turbini huundwa hivi:

S = syslin('c', 1 - 2*%s, 1 + %s)

Mtu akiandika typeof(S), mashine humjibu kwamba kitu hicho ni "rational", yaani sehemu yenye kiasi na asili. Akiandika fieldnames(S), hupewa majina matatu ya sifa: "num", yaani kiasi, "den", yaani asili, na "dt", yaani namna ya kuhesabu muda. Mfumo ule ule unaweza pia kuandikwa kwa majedwali ya namba yanayoonyesha hali ya ndani. Ukigeuzwa kwa amri tf2ss, jibu la typeof huwa "state-space", na sifa zake huwa majedwali A, B, C na D, pamoja na hali ya mwanzo na "dt". Turbini ni ile ile, lakini ngeli imebadilika, na maswali yanayokubalika yamebadilika nayo.

Kanuni ya kwanza ya kusoma sifa hutokana na hapo: kabla ya kuuliza sifa, iulizwe aina. Anayedai jedwali A kutoka kitu cha aina ya "rational" anafanya kama mtu anayeipa nomino upatanisho wa ngeli nyingine. Tofauti ni moja. Katika Kiswahili cha mazungumzo cha Kisangani upatanisho wa ngeli hupunguzwa sana, na watu huelewana bila shida, kwa kuwa msikilizaji hurekebisha akilini mwake. Mashine hairekebishi. Huweza kukataa, na huko kukataa ni heri. Balaa hutokea pale inapojibu.

Sifa ya "dt" inastahili neno la ziada kwa kuwa wengi huiruka. Ikiwa "dt" ni 'c', muda unatiririka bila kukatwa. Ikiwa ni 'd' au namba fulani, muda unahesabiwa kwa hatua. Asili ya mfano wetu ina mzizi mmoja, -1. Kwa muda unaotiririka, mzizi wa -1 una maana ya mfumo unaotulia. Kwa muda wa hatua, mzizi huo huo una maana ya mfumo unaopiga huku na huku bila kutulia. Namba haikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni sifa ya pembeni. Vilevile, anayeandika sehemu bila kutumia syslin huacha "dt" ikiwa tupu, na mashine hulazimika kukisia.

5. Mpangilio wa namba

Kosa la kufundishia zaidi hutokea mtu anapotoa sifa katika programu moja na kuiingiza katika nyingine. Mwanafunzi anataka namba za kiasi na za asili, yaani vizigeu, zile namba zinazozizidisha nguvu za s. Katika Scilab huandika coeff(S.num), na kujibiwa 1 na -2. Kisha huandika coeff(S.den), na kujibiwa 1 na 1. Majibu yote mawili ni sahihi. Scilab huanza na namba isiyoambatana na s, kisha ile ya s, kisha ile ya s kwa kipeo cha pili, na kuendelea: inapanda.

MATLAB hushuka. Huanza na kipeo kikubwa na kumalizia na namba isiyoambatana na s. Kwa hiyo mwanafunzi anayehamisha namba kama alivyozisoma huandika:

G = tf([1 -2], [1 1])

Mashine haimkatalii. Huunda kielelezo chenye s - 2 juu na s + 1 chini. Alipaswa kuandika [-2 1]. Asili haikuharibika, maana 1 na 1 husomeka vile vile kutoka kila upande, na hilo ndilo linaloficha kosa. Akikagua mizizi ya asili atapata -1, kama ilivyotarajiwa. Akikagua mzizi wa kiasi atapata 2 badala ya 0.5; zote mbili ni chanya, na asiyekuwa mwangalifu ataridhika.

Lakini turbini imepinduliwa. Katika kielelezo hiki kipya, mlango ukifunguliwa kwa asilimia 10 zaidi, nguvu hupanda mara moja kwa asilimia 10, kisha hushuka na kutulia asilimia 20 chini ya ilipoanzia. Ni kama kusema kwamba kadiri maji yanavyoruhusiwa kupita, ndivyo umeme unavyopungua daima. Kidhibiti mwendo kikiunganishwa na kielelezo hiki, kitafungua mlango kila mwendo unapopungua, na kila kikifungua mwendo utazidi kupungua. Mwanafunzi atatumia siku nzima kurekebisha kidhibiti kisichokuwa na kosa.

Kinga yake ni fupi. Kabla ya kuendelea, aulize kielelezo kinatoa nini s ikiwa 0, yaani mambo yote yakishatulia. Katika Scilab ni horner(S, 0), na jibu ni 1. Katika MATLAB ni dcgain(G), na kwa kielelezo kilichokosewa jibu ni -2. Swali hilo moja linatosha, kwa sababu haliulizi mpangilio wa namba bali maana yake. Kwa kweli huo ni ukaguzi ambao kila mfasiri anaufahamu: baada ya kuhamisha maneno, hurudi kutazama kama habari imebaki ile ile.

6. Tamko, thamani na mkondo

Hadi hapa habari imekuwa ya vitu vilivyoandikwa kwa mkono katika mstari wa amri. Katika michoro ya Xcos na Simulink mambo huongezeka tabaka. Msomaji achukue kisanduku cha kuzidisha ndani ya kidhibiti mwendo, ambacho hupokea ishara na kuizidisha kwa namba. Mtengenezaji hakuandika namba yenyewe. Ameandika Kp, na mahali pengine ametangaza kwamba Kp ni 0.8. Je, sifa ya kisanduku hicho ni ipi?

Majibu ya kweli ni matatu. La kwanza ni kile kilichoandikwa, yaani Kp. La pili ni kile kilichopatikana maandishi hayo yalipokokotolewa, yaani 0.8. La tatu ni ile namba inayotoka katika kisanduku uigaji unapoendelea, ambayo hubadilika kila nukta ya muda. Makala hii inapendekeza yaitwe tamko, thamani na mkondo.

Xcos imeyatenga matatu hayo waziwazi. Mchoro ukisomwa kwa amri importXcosDiagram, hupatikana kitu kiitwacho scs_m, na ndani yake orodha ya vitu vyote vya mchoro. Kisanduku kikiwa cha tatu katika orodha, tamko lake limo katika scs_m.objs(3).graphics.exprs, na thamani yake imo katika scs_m.objs(3).model.rpar. Matangazo kama lile la Kp yamo katika scs_m.props.context. Anayebadili tangazo hilo kwa amri, akaandika 1.2 mahali pa 0.8, amebadili maandishi tu. Thamani iliyo katika rpar hubaki 0.8 mpaka visanduku vikokotolewe upya. Katika kipindi hicho tamko na thamani havisemi jambo moja, ingawa vyote viwili vinasomeka bila kasoro. Mkondo nao hauonekani katika scs_m hata kidogo. Ili kuupata ni lazima kuweka kisanduku cha kuhifadhi, TOWS_c, ambacho baada ya uigaji huacha kitu chenye sifa mbili, values na time. Kisanduku hicho kina kikomo cha hifadhi, ambacho kisipobadilishwa ni vipimo 128. Anayesahau kikomo hicho hufikiri amesoma uigaji wote kumbe amesoma kipande.

Katika Simulink swali huulizwa kwa amri get_param, na hapo mtego ni mkali zaidi. Amri hiyo ikiulizwa kuhusu kuza la kisanduku hurudisha tamko, na hulirudisha kama maandishi hata likiwa ni tarakimu. Kisanduku kilichoandikwa 5 hurudisha herufi "5", si namba 5. Mwanafunzi akizidisha jibu hilo kwa 2 hapati 10, bali 106, kwa kuwa MATLAB huichukua namba ya siri ya herufi "5" katika kompyuta, ambayo ni 53, na kuizidisha. Scilab ingekataa kuzidisha maandishi kwa namba. MATLAB inakubali na kunyamaza. Kwa mkondo, Simulink hutoa njia nyingine: wakati uigaji unaendelea, get_param huulizwa kuhusu RuntimeObject ya kisanduku, na humo husomwa namba inayotoka wakati huo.

Kiswahili kina njia fupi ya kuyatenga matabaka haya, nayo ni viambishi vya njeo na hali. Tamko "limeandikwa Kp". Thamani "ilikokotolewa ikawa 0.8". Mkondo "unatoa 0.37". Kiambishi -me- huonyesha jambo lililokamilika na ambalo matokeo yake yapo. -Li- huonyesha tukio lililopita, ambalo kwa hiyo huenda limepitwa na wakati. -Na- huonyesha jambo linaloendelea. Mwalimu anayedai kila jibu la darasani litolewe kwa kitenzi kamili, si kwa namba tupu, humlazimisha mwanafunzi aamue amesoma tabaka gani. Sentensi "Kuza ni 0.8" huficha uamuzi huo, "Kuza lilikokotolewa likawa 0.8" humfanya msikilizaji aulize mara moja: lini, na je, tangazo halijabadilika tangu hapo?

7. Nukta na -a unganifu

Inabaki habari ya nukta. Katika maandishi ya programu, mwenye sifa hutangulia na sifa hufuata: S.num. Kiswahili huanza na sifa: kiasi cha S. Nukta moja si tatizo. Mnyororo mrefu ndio unaosumbua, kama scs_m.objs(3).model.rpar. Ukisomwa kwa Kiswahili huanzia kulia: vigezo, vya kielelezo, cha kitu cha tatu, cha mchoro.

Kwa kawaida upatanisho wa -a unganifu husaidia, kwa sababu huonyesha neno linalorejelewa. Katika mfano huu unashindwa. "Kielelezo" na "kitu" vimo katika ngeli moja, kwa hiyo "cha mchoro" inaweza kufungamana na chochote kati ya hivyo viwili. Mnyororo wa nukta hauna utata huo. Suluhisho si kuiacha lugha, bali kuchagua istilahi kwa kuzingatia ngeli: "namba za modeli ya kitu cha tatu katika mchoro". Hapo "za" inashikamana na namba tu, "ya" na modeli tu, "cha" na kitu tu, na mchoro umetajwa kwa "katika" kwa kuwa ndio unaobeba vyote.

Funzo hili ni pana kuliko programu mbili. Waundaji wa istilahi za Kiswahili, tangu BAKITA ilipoanzishwa mwaka 1967 na katika kazi za Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam, wamezingatia maana, ufupi na ulinganifu wa istilahi. Katika nyanja ambamo vitu hupangwa ndani ya vitu vingine, inafaa kuongeza sharti lingine: istilahi zinazofuatana katika mnyororo mmoja zisiwe za ngeli moja, kila iwezekanapo. Hilo ni jambo ambalo mhandisi hawezi kuliona peke yake, wala mwanaisimu asiyeijua kazi yenyewe hawezi.

8. Hitimisho

Kusoma sifa ya kitu, kwa muhtasari, ni kujibu maswali manne kabla ya kuiamini namba: kitu hiki ni cha aina gani, muda wake unahesabiwa vipi, namba zake zimepangwa kuanzia wapi, na kilichosomwa ni tamko, ni thamani, au ni mkondo. Hakuna swali kati ya hayo linalohitaji hesabu ngumu. Yote yanahitaji lugha inayotenganisha.

Katiba ya mwaka 2006 inaitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, na Kifaransa kuwa lugha rasmi. Mpangilio huo hauzuii maelezo ya darasani kutolewa kwa Kiswahili pale yanapomsaidia mwanafunzi. Scilab, ambayo ilizaliwa Ufaransa mwanzoni mwa miaka ya 1990, hutolewa bure, kwa hiyo mazoezi yote yaliyotajwa hapa yanaweza kufanywa kwa kompyuta ya kawaida na bila kununua leseni. Kinachokosekana ni maelezo yaliyoandikwa.

Mtambo wa Tshopo, kama mtambo wowote wa mtandao wa peke yake, hauna jirani wa kumfichia kosa. Mhudumu anayesimama mbele yake akisoma namba ana haki ya kujua kama namba hiyo imeandikwa tu, ilikokotolewa jana, au inapita sasa hivi. Lugha anayozungumza nyumbani inaweza kumwambia hayo kwa silabi moja, iwapo waliomfundisha waliitumia kwa uangalifu.